Nusu Kichwa Hakiendi Ukweni

Kisasi kina subira kuliko mapenzi. Mapenzi yakicheleweshwa hununa, yakakonda, yakafa. Kisasi hukaa kwenye kona kimekunja miguu, kinangoja zamu yake. Kisasi cha Nyuki msusi, zamu yake ilipofika, kiliingia kwa mlango wa mbele wa saluni alimofanya kazi, mchana kweupe, kimevaa viatu vya kisigino, kinanukia manukato, kikasema:

"Habari za kazi, jamani. Nimeambiwa hapa ndipo penye mikono."

Nyuki hakuuliza ni nani. Picha ya binti huyo ilikwisha kupita kwenye simu za wateja, na kila aliyeionyesha alisema, "Usiseme nimekuonyesha mimi." Alikuwa muuza viatu, watu walimwita Kidosho, na jioni ya siku hiyo selemala mmoja na mama yake wangekwenda kwao kumposa.

Na selemala huyo alikuwa mume wa Nyuki. Si aliyekuwa mume. Mume. Talaka hakuiandika wala hakuitamka. Siku ile alipombebea begi mpaka barabarani alisema tu, "Nenda kapumzike kidogo, mambo yapoe." Mambo yakapoa mpaka yakaganda.

"Huyu nitamsuka mimi," Nyuki alisema.

Shangazi, mwenye saluni, ambaye kila mtu alimwita Shangazi hata wanaomzidi umri, aliacha kupuliza kucha zake. Akamfuata Nyuki kwenye beseni la kuoshea nywele.

"Mwanangu, mtu mwenye hasira hashiki kitana chenye mkia."

"Hasira nimeiacha nyumbani."

"Nyumba ipi? Unalala kwangu."

"Basi nimeiacha kwako."

Kidosho alikalishwa kwenye kigoda, kioo kikubwa mbele yake, Nyuki kwenye kiti nyuma yake, magoti huku na huku. Nyuki alizichana zile nywele nyingi nyeusi huku akiwaza. Aliwaza kuzikaza mpaka macho ya mtoto wa watu yavutike kama ya paka. Aliwaza kumsuka twende kilioni, ule mtindo wa haraka wa kuendea msibani, aende nao kwenye posa yake. Lakini mikono ikamkatalia. Mikono ya msusi haina akili ya kisasi. Ikishika nywele, inasuka vizuri tu, mwenye nywele awe rafiki au adui.

"Dada, una mikono myepesi," Kidosho alisema, macho kayafumba. "Nilikuwa naogopa. Tajiri yangu kanibana dukani wiki nzima, leo ndiyo kaniachia, na jioni naposwa. Watanipitia hapa hapa na gari."

"Hongera. Na nani?"

"Selemala mmoja. Ana karakana yake. Mpole huyo! Ukimwona anavyopiga msasa, utasema anabembeleza mtoto."

Nyuki alikijua kiganja hicho cha msasa. Alijua kovu lililo chini ya kidole gumba, na namna lilivyokwaruza shavu la mtu asubuhi. Aliigawa njia ya pili, akaivuta.

"Hana mke?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye kiti chake, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Alikuwa naye. Tasa, Shangazi. Amekaa naye miaka, hata mimba ya kusingizia hakuna. Sasa kahamia mbali huko. Ni mama mkwe aliyeniona mimi. Alikuja dukani, nikainama kumpimisha viatu, yeye badala ya kutazama viatu akatazama kiuno. Akasema, 'Mwili huu ni wa kuzaa, mwanangu.'"

"Viatu alinunua?"

"Hata kimoja!"

Shangazi alicheka mpaka kiti kikalia. Kidosho naye akacheka, kisha akashusha sauti, kwa maana mwanamke akishikwa kichwa huona kama yuko chumbani kwake.

"Tena mwili wenyewe aliousifia si wangu, ni wa sindano. Nachoma ile ya uzazi wa mpango, ya kila miezi mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa ufito. Nilipoanza nikashikwa na njaa, nikanawiri. Na mwezini sioni kitu kabisa. Raha tupu."

Mkono wa Nyuki ulisimama juu ya kisogo.

"Sasa utafanyaje?" Shangazi aliuliza, safari hii bila kucheka. "Wenzako wanataka mtoto."

"Naacha. Hii nimechoma juzi juzi tu. Ikiisha miezi yake, sirudi tena. Mama mkwe kasema anataka kusikia habari kabla mwaka haujageuka, na mimi nitampa. Si ni kama bomba la maji? Unafunga, unafungua."

Kama bomba la maji. Hata Nyuki alipokuwa mgeni wa mambo hayo alidhani hivyo hivyo.

Walianza maisha kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana, yeye na selemala wake, wanakunguta vumbi la mbao kwenye mito kabla ya kulala. Ni yeye selemala aliyeomba. "Mtoto asije akakohoa vumbi hili, Nyuki wangu. Tungoje mpaka tupate nyumba yenye dirisha." Jina la Nyuki ni yeye aliyempa mkewe, kwa sababu ya namna mkewe anavyovumisha wimbo mdomoni akisuka. Wakaenda zahanati pamoja, Nyuki akachomwe sindano hiyo hiyo, na selemala aliingia mpaka ndani, kashika mkoba wa mkewe kifuani kama mtu aliyepewa mtoto wa kupakata. Miezi ya mwanzo Nyuki aliona damu ya matone matone isiyo na ratiba, kisha ikakata kabisa. Naye alinenepa. Mama mkwe akafurahi siku hizo, akamtazama kiuno.

Walipopata dirisha, waliacha sindano. Na siku ya kuacha muuguzi aliwaambia wote wawili, akiwatazama mmoja mmoja: "Dawa hii hutoka mwilini polepole. Wengine hushika mimba mapema, wengine hungoja karibu mwaka tangu sindano ya mwisho, na wapo wanaopitiliza hapo. Kizazi hakifi, kimelala tu. Msije mkagombana njiani."

Njiani ndipo walipogombana. Mama mkwe alihesabu miezi, naye Nyuki alipotaka kufungua mdomo, selemala alimshika mkono akamwambia neno moja ambalo alilitunza kama pete. Akanyamaza. Alinyamaza kwa mapenzi. Hata siku lile neno tasa liliposemwa mezani, na mume akawa anachungulia chakula kama anatafuta mfupa, bado alinyamaza.

Na sasa adui yake alikuwa mapajani pake, shingo wazi, anauliza habari za bomba.

Nyuki angeweza kusema kweli. Lakini aliona barabara ile ile, begi lile lile, na safari hii mwenye kuburuta begi ni huyu mwenye visigino. Alimwona mama mkwe anahesabu tena miezi kwenye vidole. Wala hakuhitaji kufanya lolote. Kunyamaza tu.

"Ndiyo, mdogo wangu," alisema. "Ni kama bomba. Wala usiwe na wasiwasi."

Neno lilikuwa tamu mdomoni. Shangazi alimtazama kwenye kioo kwa jicho la pembeni, kisha akamgeukia Kidosho.

"Na huyo selemala wako anajua kwamba unachoma?"

"Anajua. Mimi sipendi siri, nilimwambia mapema. Basi akanishika mkono hivi, akaniangalia, akaniambia, 'Mama asijue. Hili liwe letu.'" Kidosho alitabasamu kwenye kioo. "Shangazi, nilimpendea hapo hapo."

Kitana kilikwama katikati ya njia.

Mama asijue. Hili liwe letu. Ndilo lile lile neno la pete. Mwanamume alikuwa kalitoa kwa mke mmoja akalipeleka kwa mwingine bila hata kulipiga randa. Nyuki alihisi hasira yake inageuka ndani kwa ndani, kama gari linalotafuta njia kwenye uchochoro, taa zake zikimwacha yule binti na kumulika pengine kabisa.

"Nimekudanganya," alisema.

"Eti?"

"Si bomba. Unaweza kuacha leo ukangoja karibu mwaka, hata zaidi. Huna ugonjwa, hujafa kizazi. Dawa ndiyo inavyotoka. Lakini mama mkwe wako hatangoja. Atakuita tasa mezani, mbele ya watu, na selemala wako ataangalia sahani."

Kidosho alifumbua macho. Kwenye kioo yakakutana na ya Nyuki.

"Wewe umejuaje anavyoangalia sahani?"

"Mimi ndiye tasa mwenyewe."

Draya pekee iliendelea kuunguruma kichwani mwa mteja mmoja wa kona, aliyekuwa hasikii kitu, maskini, akakosa utamu wote. Kidosho alinyanyuka kwa nguvu, kisha akajiona. Upande wa kulia njia zimelala, zimenyooka, zinang'aa. Upande wa kushoto nywele zimesimama kama zimeona jini.

"Kaa," Nyuki alisema. "Na nusu kichwa utakwenda wapi?"

"Unaniambia hivi uniharibie posa yangu!"

"Ningetaka kukuharibia ningenyamaza. Nilikwisha kuanza, hukuniona? Muuguzi yupo, kamwulize, mimi ni msusi tu. Ila hili la mama asijue, huna haja ya kumwuliza muuguzi."

Kidosho alikaa. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtoto. "Aliniambia umehamia mbali."

"Mbali ndiyo hapa, mdogo wangu. Mitaa miwili."

Nje honi ilipigwa. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia mama mkwe na mkoba wake mkubwa.

"Binti, bado tu? Watu wanatungoja huko kwenu, na gari ni la kuazima!"

Nyuma yake akaingia selemala. Alivaa shati jeupe, ndevu kanyoa, lakini vanishi haikubali sabuni. Harufu yake ilitangulia, ikamfikia Nyuki kifuani kabla hajajikinga. Selemala alimwona Kidosho kwanza. Kisha akaona mikono iliyo juu ya kichwa cha Kidosho. Aliitambua mikono kabla ya kuinua macho, na alipoyainua, Nyuki alikuwa akimngoja.

Jamani, kuna kutazamana. Walitazamana hivyo mpaka mama mtu naye akageuza shingo.

"Ala! Wewe unafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi, mama. Shikamoo."

"Marahaba," mama alijibu, kwa mazoea tu, akakasirika kwamba amejibu. "Malizia nywele za watu tuondoke."

"Nitamalizia. Lakini kuna neno mwanao alisahau kukwambia. Akishalisema, nasuka."

"Nyuki," selemala alisema kwa sauti ya chini, ile ya chumbani. "Si hapa."

"Mezani kwenu ilikuwa hapa? Barabarani na begi langu ilikuwa hapa? Sema, baba. Kwa nini hatukupata mtoto?"

Selemala akatazama sakafu. Nyuki aliinua mikono kutoka kichwani kwa Kidosho, akaiweka mapajani, kiganja juu ya kiganja, kama mtu anayengoja daktari.

"Mwanamke gani huyu!" Mama alimgeukia Shangazi. "Na wewe mwenye saluni, si umalizie?"

"Mimi?" Shangazi alipuliza ukucha. "Hapa kwangu kichwa kilichoanzwa na mmoja hakimaliziwi na mwingine, mama. Kila mkono una mkazo wake. Utamkuta kichwa kimepinda kama paa la banda."

"Basi twende hivyo hivyo!"

"Nusu kichwa hakiendi popote, mama," Kidosho mwenyewe alisema, na sasa sauti haikuwa ya mtoto. "Na mimi nataka kusikia. Sema, baba watoto."

Honi ya gari la kuazima ililia tena. Jasho lilishuka kwenye shingo ya selemala, likaingia kwenye kola nyeupe. Alimtazama mama yake, akatazama mlango, akatazama ile nusu ya nywele iliyosimama. Kwa mtu mpole hakuna kitu kizito kama neno moja.

"Mama," alisema hatimaye. "Nyuki hakuwa tasa. Tulikuwa tunapanga. Sindano. Mimi ndiye niliyeomba, yeye alikubali kwa ajili yangu. Tulipoacha, muuguzi alituambia tungoje, tena muda mrefu. Nilikuwepo. Nilisikia."

"Ulisikia?" Nyuki aliuliza.

"Nilisikia. Ila nilidhani anasema vile kutupa moyo, kama watu wanavyompa mgonjwa pole. Miezi ikaenda, mama anauliza kila jioni... Niliogopa."

Mama mkwe alijishika kiuno. "Ehee! Basi hizo sindano ndizo zilizomuua kizazi! Mwanamke asipoona siku zake, damu inakwenda wapi? Inagandia tumboni!"

"Haigandi, mama. Huko ndani panakuwa hapajatandikwa, basi hakuna cha kutandua. Ndivyo nilivyoelezwa. Na siku zangu zimekwisha kurudi, zilirudi nikiwa mitaa miwili kutoka kwenu."

"Na kama zinaua," Kidosho alidakia, "basi na mimi mmekuja kuposa mfu. Nachoma, mama. Hiki kiuno ulichokipenda dukani ni cha sindano. Mwanao anajua. Kaniambia nikufiche."

Mama mkwe alitazama kile kiuno, akatazama cha Nyuki kilichopungua, na watu wote mle ndani waliona hesabu inavyomgeukia usoni. Kisha akamtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa mama wa mtu, si mama mkwe.

"Umeniacha nikamtukana mtoto wa watu kwenye meza yangu, na wewe umekaa hapo, unajua?"

Selemala alimwendea Nyuki, akachuchumaa kando ya kigoda kana kwamba Kidosho hayupo, akanyoosha kile kiganja chenye kovu.

"Nimesema, Nyuki. Umetaka niseme, nimesema mbele ya wote. Rudi nyumbani. Dirisha lako liko vile vile, sijaweka hata pazia."

Hapa, msomaji, usimlaumu mwanamke. Kiganja kile kilikuwa karibu. Alikipenda alipolala kwa Shangazi, alikipenda alipokilaani, na alikipenda hata dakika hiyo, ndiyo maana ilimuuma. Kama selemala angeyasema yale maneno kule mezani, Nyuki angengoja naye miaka kumi bila mtoto na asingeona urefu wake. Aliinamisha uso mpaka pumzi zao zikakaribiana, na selemala akadhani amesamehewa.

"Nilipoitwa tasa, hukufungua mdomo," Nyuki alimwambia polepole. "Uliponibebea begi, hukuufungua kunitetea. Leo umefungua, kwa sababu nywele za mwanamke mwingine hazijaisha." Akakisukuma kile kiganja kwa ncha ya kitana, taratibu, kama anavyosukumwa mtoto asiguse moto. "Nilikuwa na talaka moja ninayokungoja uniandikie. Iandike. Mama asijue, ukipenda. Hiyo nayo iwe yetu."

Selemala alisimama. Alikuwa mtu mkubwa, lakini alitoka kwa mlango kiubavu. Mama mkwe alibaki kidogo, anapapasa kamba za mkoba wake.

"Mwanangu," alianza kumwambia Nyuki, "mimi sikujua..."

"Hukuuliza, mama. Ulihesabu."

Naye akatoka. Gari la kuazima liliondoka bila honi.

Shangazi alikwenda kuzima draya ya mteja wa kona, aliyevua ile kofia akauliza, "Kumetokea nini?" Kidosho alikaa akijitazama kwenye kioo, upande huu bibi harusi, upande huu jini.

"Nikufumue?" Nyuki aliuliza.

"Wazazi wangu wamekaa sebuleni, wamevaa."

"Najua."

"Nitawaambia mwenyewe. Sitaki wamwone mtu aliyeachwa, wamwone mtu aliyekataa." Alijifuta macho kwa kiganja, akanyoosha shingo. "Malizia, dada."

Nyuki alishika kitana, akagawa njia. Alishukuru kwamba kwenye kioo mteja huonekana uso, na msusi aliyeinama huonekana utosi. Chozi moja lilidondoka kwenye njia nyeupe ya nywele, likatelezea sikioni kwa Kidosho. Binti alilisikia, akanyoosha mkono nyuma na kulishika goti la mke mwenzake ambaye hakuwahi kuwa.

"Nikikaza, unaumia?" Nyuki aliuliza.

"Naumia," Kidosho alisema. "Kaza."